Sura ya Sita: Kidole Gumba Juu ya Talasi

Siku ya plasta akina mama hufika kabla ya wauguzi. Wameambiwa waje na mtoto mwenye njaa kidogo, kwa sababu mtoto mwenye njaa atanyonya, na mtoto anayenyonya halii wala hakazi misuli. Nilikaa nao kwenye benchi asubuhi moja, katika hospitali moja ya mkoani, pembeni ya shemeji yangu aliyempakata binti wa wiki saba. Mguu wa kulia wa mtoto ulikuwa umelowekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ili hogo la plasta la wiki iliyopita lilainike. Muuguzi alitafuta ncha ya bendeji, akaanza kuifungua taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, maji yakigeuka meupe kama tui, mpaka mguu ukatokea: mwembamba, umekunjamana, una magamba ya ngozi kavu. Shemeji aliuosha kwa sabuni, akaubusu. Wiki nzima alikuwa hajaugusa.

Halafu akaja binti aliyekuwa akijifunza kazi, na nyuma yake mwalimu wake, mtu wa makamo mwenye aproni ya plastiki iliyojaa madoa ya plasta. Binti aliushika unyayo akataka kuugeuza. Ulikuwa umetazama ndani, kama kiganja cha mtu anayechota maji, kwa hiyo alifanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: alijaribu kuusokota urudi nje. Mwalimu hakumkaripia. Alisema tu, "Hapana, mwanangu, usiusokote. Itafute kwanza talasi." Akauchukua mkono wake, akakiweka kidole gumba cha mwanafunzi juu ya kibonge kidogo kilichojitokeza upande wa nje wa mguu, mbele ya kifundo, kisha akaweka kidole chake mwenyewe juu ya kile cha mwanafunzi. "Umeisikia? Hiyo ndiyo nguzo. Vyote vinazunguka hapo." Wakakaa hivyo, vidole viwili juu ya mfupa mmoja, kwa muda nilioona ni mrefu mno, mtoto akiendelea kunyonya.

Baba wa mtoto huyo nilisoma naye shule ya msingi. Alizaliwa na miguu kifundo yote miwili, yaani nyayo zilizogeukia ndani kama unyayo wa binti yake, na alikua akitembea juu ya mgongo wa nyayo zake, akiwa na sugu nene pale ambapo sisi wengine tuna ngozi laini ya kufungia kamba za viatu. Viatu vya dukani hakuwahi kuvaa. Majirani walisema mama yake alimcheka kilema alipokuwa mjamzito, na mama wa watu aliubeba mzigo huo miaka yote. Alikuwa amempeleka hospitali akiwa mchanga, akaambiwa asubiri mtoto akue. Alipokua, akaambiwa amechelewa. Habari hiyo niliisikia mara nyingi utotoni, lakini uzito wake niliupata asubuhi ile kwenye benchi, kwa sababu jambo alilokuwa akifundishwa yule binti lilikwisha kuchapishwa katika jarida la wapasuaji wa mifupa mwaka 1963, kabla mimi na rafiki yangu hatujazaliwa.

Sura hii inamhusu aliyeliandika. Inahusu pia swali ambalo halijaniacha tangu siku ile: elimu isiyohitaji mashine wala umeme, inayotaka plasta, pamba na vidole tu, ilikawia wapi?

Ignacio Ponseti alizaliwa tarehe 3 Juni 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania, ndani ya bahari ya Mediterania. Baba yake alikuwa fundi saa, na kijana alikua akimsaidia kazini. Aliyewahi kusimama mbele ya kibanda cha fundi saa anaijua nidhamu ya kazi ile. Skrubu iliyo ndogo kuliko punje ya mtama hailazimishwi. Ukiilazimisha umeua saa ya mtu. Fundi hugusa, husikiliza, hurudi nyuma kidogo, hujaribu tena. Naamini mkono ule wa fundi saa ndio uliokuja kufanya kazi yote iliyofuata, ingawa ulipitia njia ndefu mpaka kufika kwenye nyayo za watoto.

Alisomea udaktari Barcelona, akahitimu mwaka 1936, na mwezi uleule vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka Hispania. Daktari mpya kabisa alijikuta jeshini upande wa Jamhuri, akitibu mifupa iliyovunjwa na risasi na mabomu. Majeruhi walikuwa wengi, vyumba vya upasuaji vichache, na plasta ndiyo iliyokuwa silaha ya daktari: unaunyoosha mfupa, unaufunga vizuri, unauachia mwili ufanye yake. Mwanzoni mwa 1939, upande wake uliposhindwa, Ponseti aliwafunga plasta majeruhi waliobaki mikononi mwake, na kwa msaada wa watu waliozoea kuvusha magendo akawavusha milima ya Pyrenees kwa nyumbu mpaka Ufaransa. Ninapoifikiria safari hiyo naziona plasta zile. Ilibidi ziwe zimefungwa vizuri kiasi cha kuhimili mgongo wa nyumbu kwenye majabali, usiku, katika baridi.

Kurudi kwao hakukuwezekana tena. Alikwenda Meksiko, akawa daktari wa kijiji kwa karibu miaka miwili, na mwaka 1941 akafika Iowa, katikati ya Marekani, kusomea ubingwa wa mifupa chini ya Arthur Steindler, mhamiaji kutoka Austria aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa fani hiyo nchini humo. Alikuwa mpasuaji wa mifupa yote, na alifanya utafiti mkubwa juu ya migongo iliyopinda na nyonga za watoto. Lakini unyayo ndio uliomkamata.

Ulimkamata kwa sababu ya kazi ya makaratasi. Steindler alimwagiza achunguze wagonjwa wa miguu kifundo waliotibiwa hapo miaka iliyotangulia, aone wameishia wapi. Wengi walikuwa wamepasuliwa. Ponseti akawakuta watu wazima wenye nyayo zilizonyooka kidogo, ndiyo, lakini ngumu kama ubao, dhaifu, zenye maumivu. Kila upasuaji ulikuwa umeacha kovu ndani, kovu lilikuwa limejikunja, unyayo ukapinda upya, ukapasuliwa upya. Watoto wengine waliingia chumba cha upasuaji mara kadhaa kabla ya kubalehe.

Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote. Alikuwa mgeni, mkimbizi, Kiingereza akijifunza, mwanafunzi wa ubingwa mbele ya mwalimu mwenye jina. Angeweza kuandika kwamba hali inaridhisha, na nani angemuuliza? Aliandika aliyoyaona. Na Steindler naye, tusimsahau, ndiye aliyeuliza matokeo ya kazi iliyofanyika chini ya paa lake, akampa mwanafunzi wake nafasi ya kujibu. Mwaka 1944 Ponseti alimaliza mafunzo, akabaki hapohapo kufundisha.

Aliporudi kwenye unyayo hakuanza na kisu. Alianza na miguu ya watoto waliozaliwa wafu, akiichambua kano kwa kano ili aone mifupa ile imekaaje. Unyayo wa mwanadamu una mifupa 26, na katika mguu kifundo haijavunjika wala haipungui. Imehama. Juu ya kisigino kuna mfupa unaoitwa talasi, ulioshikwa katikati ya mifupa miwili ya mguu kama bawaba katika fremu ya mlango. Mingine yote, wa kisigino, ule wenye umbo la mtumbwi ulio mbele ya talasi, na jirani yake, imeteleza kwa pamoja kwenda ndani na chini. Nasisitiza hilo la pamoja. Haiwezi kurudi mmoja mmoja, kwa sababu viungo vyao vimefungamana. Ukiusukuma mmoja, wenzake wanaubana. Inarudi yote kwa mkupuo, ikizunguka chini ya talasi, mradi talasi yenyewe imeshikwa isicheze.

Kinachoishikilia mahali pabaya ni ligamenti, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwenye mfupa mwenzake. Madaktari wengi waliziona kama kamba za kukatwa. Ponseti alizitazama kwa hadubini akaona kwamba nyuzi za mtoto mchanga zina mawimbi, kama nywele zilizofumuliwa kutoka kwenye msuko. Ukizivuta kwa upole mawimbi hulala na uzi hurefuka. Ukiuacha umetulia kwa siku chache, mawimbi hurudi, na sasa uko tayari kuvutwa tena. Basi siri yote ya hogo la kila wiki iko hapo. Daktari anavuta kwa dakika chache, plasta inashikilia, na siku tano mpaka saba zinafanya kazi ambayo hakuna mkono wenye subira ya kuifanya.

Kuanzia mwaka 1948 alitibu hivyo pale Iowa. Hogo tano au sita, moja kila wiki. Kisigino kikibaki juu baada ya mengine yote kukaa sawa, na kwa watoto wengi hubaki, hutiwa ganzi kidogo na kano ya kisigino hukatwa kupitia tundu la ngozi lisilozidi upana wa ncha ya kisu. Hogo la mwisho hukaa wiki tatu, na ndani yake kano hujiunga tena ikiwa ndefu zaidi. Kisha viatu maalumu vilivyofungwa kwenye ufito, usiku kwa usiku, miaka kadhaa. Kulikuwa na watoto ambao unyayo uliwarudia, na baadhi yao aliwahamishia kano moja kutoka ndani kwenda katikati ya mgongo wa unyayo. Kwa hiyo kisu alikuwa nacho, na alikitumia. Alijua tu zamu yake ni lini.

Mwaka 1963 alichapisha matokeo pamoja na mwenzake, Eugene Smoley. Yalikuwa mazuri. Hayakumtikisa mtu. Mwaka 1971 mpasuaji mwingine wa Marekani, Vincent Turco, alieleza namna ya kuufungua unyayo wote wa mtoto kwa upasuaji mmoja mkubwa, na huo ndio ulioenea katika vyuo. Kizazi kizima cha wapasuaji kilifundishwa kwamba mguu kifundo mkali ni wa kupasuliwa.

Kwa nini? Nimelifikiria sana, na sikubali jibu jepesi la kwamba madaktari walipenda fedha au kisu. Wengi walijaribu kwanza plasta, kwa nia njema, na ikawashinda. Plasta haikuwa ngeni hata kidogo. Hippocrates, karne ya tano kabla ya Kristo, alishaagiza miguu ya namna hii inyooshwe kwa mikono na kufungwa vitambaa mtoto akiwa mchanga. Huko Marekani kwenyewe Hiram Kite alitumia maisha yake akitibu kwa plasta bila upasuaji. Lakini Kite aliweka kidole gumba sentimita chache mbali na pale alipoweka Ponseti. Alikandamiza mbele zaidi, kwenye kiungo kati ya kisigino na mfupa wa nje, na hapo aliufunga mlango uleule alioutaka ufunguke: kisigino kikashindwa kuzunguka, matibabu yakachukua miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka. Waliomfuata walichoka, wakaishia kwenye kisu, wakihitimu na imani kwamba plasta haiwezi.

Sentimita chache. Hizo ndizo zilizomgharimu rafiki yangu nyayo zake.

Sasa fikiria ugumu wa kuandika sentimita hizo kwenye karatasi. Jarida linaweza kuonyesha picha ya hogo lililokamilika. Haliwezi kuonyesha uzito wa kidole, wala hisia ya talasi inapotulia chini ya ngozi ya mtoto wa wiki mbili, ikiwa ndogo kama kokwa ya zabibu. Mbaya zaidi, hatua ya kwanza ya Ponseti inakwenda kinyume cha macho. Unyayo umegeukia ndani, nawe unaambiwa usiugeuze nje. Uinue kidole gumba cha mguu wa mtoto, uifanye sehemu ya mbele igeukie ndani zaidi kidogo, mpaka upinde mkubwa wa wayo ulainike na mbele ikae mstari mmoja na nyuma. Ndipo unaanza kuusogeza wote kwenda nje, ukiwa bado umelala vilevile. Mkono wa mwanafunzi unakataa. Unaona kama unauharibu mguu wa mtoto mbele ya mama yake. Ukimwacha peke yake na kitabu, atausokota nje, upinde utazidi, unyayo utavunjikia katikati uwe kama haragwe, na atasema njia hii haifai.

Ndiyo maana nasema kazi kubwa ya Ponseti ilikuwa kufundisha, na kwamba aliifanya akiwa mzee. Alistaafu mwaka 1984, akiwa na miaka 70. Baada ya muda mfupi alirudi kliniki. Waliokuwa wakija kumwona ni wazazi, na wapasuaji mmoja mmoja waliochoshwa na makovu ya wagonjwa wao. Mwanafunzi wa ubingwa aliyepita kwake alianza kwa kushika, siku nyingi, kabla ya kufunga. Alishika unyayo mzuri, kisha unyayo mbaya wa mtoto huyohuyo, akitafuta talasi kwa kidole gumba huku kidole cha shahada kikiwa nyuma ya kifundo. Kisha kufunga: pamba nyembamba, maana pamba nene huuacha mguu ukaponyoka, plasta kutoka vidoleni mpaka chini ya goti kwanza, mikono ikipapasa bila kutulia mahali pamoja, kwa kuwa kidole kinachotulia huacha shimo na shimo huwa kidonda, kisha juu mpaka kwenye paja, goti limekunjwa pembe mraba. Mwisho, vidole vya mguu vyote vionekane. Kibonyeze kimoja, kiwe cheupe, achia, uone damu ikirudi. Ikichelewa, hogo hilo lifunguliwe hata kama lilikuwa zuri namna gani.

Mwaka 1995 Douglas Cooper na Frederick Dietz, madaktari wa Iowa, walitoa hesabu ambayo nadhani ndiyo iliyougeuza upepo. Waliwatafuta watu 45 waliotibiwa na Ponseti utotoni, wenye nyayo 71 zilizokuwa kifundo, sasa wakiwa na wastani wa miaka 34. Wakawalinganisha na watu 97 wa umri huo waliozaliwa na nyayo za kawaida. Kati ya waliotibiwa, asilimia 78 walikuwa na nyayo nzuri au nzuri sana. Kati ya waliozaliwa wazima, asilimia 85. Tofauti ni ndogo kuliko mtu yeyote alivyotarajia: watu wazima wenye nyayo zinazokaribia zile za jirani zao. Mwaka uliofuata Ponseti, akiwa na miaka 82, alitoa kitabu chake juu ya mguu kifundo.

Wazazi nao walifanya sehemu yao. Intaneti ilikuwa imeingia majumbani mwa Wamarekani, na akina mama wakaanza kuandikiana na kuonyeshana picha za watoto waliotoka Iowa bila makovu. Wakaingia kwa madaktari wao na maswali. Huko Baltimore, John Herzenberg na wenzake walipobadili njia waliona katika nyayo 34 ni moja tu iliyohitaji upasuaji mkubwa katika mwaka wa kwanza; katika nyayo 34 walizotibu kwa njia yao ya zamani, zilikuwa 32. Na mwaka 2004 Iowa wakatoa hesabu ya watoto 157, nyayo 256, ambamo asilimia 98 zilinyooka bila upasuaji huo.

Kutoka hapo hadithi inafika kwetu, na ilifika mapema kuliko ilivyofika katika baadhi ya miji ya Ulaya. Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa mpasuaji wa watoto huko British Columbia, Kanada, alijifunza njia ya Ponseti, akawapiga watoto picha za sumaku kati ya hogo na hogo, na kuonyesha mifupa ile kweli inarudi mahali pake. Norgrove Penny, Mkanada mwingine, alikuwa akifanya kazi Uganda na kuwaona kila siku vijana waliokua kama rafiki yangu. Kwa Uganda hesabu iliyopatikana ni zaidi kidogo ya mtoto mmoja katika kila vizazi hai 1,000, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana, na karibu nusu yao miguu yote miwili. Wapasuaji wa mifupa nchi nzima walikuwa wachache mno. Uamuzi uliofanywa Uganda, na Malawi pia, ulikuwa wa kijasiri: kazi hii wafundishwe maofisa tabibu wa mifupa, watu wasio madaktari, walio kwenye hospitali za wilaya, ambao kufunga plasta ndiyo kazi yao ya kila siku.

Nao waliiweza. Wapasuaji wengi walikuwa na mikono iliyozoea kisu. Maofisa hawa walikuwa na mikono iliyozoea plasta, na hawakuwa na cha kusahau. Walitumia kipimo cha Pirani, kisichohitaji picha yoyote. Ni dalili sita, kila moja ikipewa sifuri, nusu au moja: mkunjo wa nyuma, mkunjo wa ndani, ukingo wa nje uliojipinda, na kadhalika. Ninayoipenda ni ile ya kisigino kitupu. Unabonyeza kisigino cha mtoto kwa ncha ya kidole. Kikiwa laini kama shavu, mfupa umepanda juu na kisigino ni kitupu, andika moja. Kikiwa kama ncha ya pua, nusu. Ukigonga mfupa mara moja, kama kidevu, sifuri. Nimewaona wanafunzi wakijibonyeza nyuso zao, shavu, pua, kidevu, kisha wakirudi kwenye kisigino cha mtoto, na mama wa watoto wakifanya hivyohivyo.

Kisha vile viatu. Hapa ndipo matibabu mengi huanguka, hata kwa daktari hodari, maana hogo likishatoka mguu unaonekana mzima na mzazi anaona kumfunga mtoto kwenye ufito ni kumtesa. Miezi mitatu ya kwanza ni saa 23 kwa siku, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana mpaka miaka minne hivi. Ukiacha, unyayo unarudi. Viatu vya kuagiza Marekani visingefika miji ya Uganda kama Soroti au Mbale. Michiel Steenbeek, fundi Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Katalemwa, Kampala, akabuni vya kwake: ngozi, soli, nondo nyembamba, vitu ambavyo fundi viatu na mchomelea vyuma wa mtaani wanavyo. Kisigino kina tundu nyuma ili mama achungulie aone kama mguu umekaa chini. Vinatengenezwa sasa katika nchi nyingi, na vinaitwa kwa jina lake.

Kenya, hospitali ya CURE iliyoko Kijabe imewatibu watoto wa namna hii tangu ilipofunguliwa mwaka 1998. Dar es Salaam ipo hospitali ya CCBRT. Ponseti aliyaona mengi ya hayo. Alifariki tarehe 18 Oktoba 2009 akiwa na miaka 95, akiwa bado anafika kliniki na kupokea wageni waliotoka mbali kuja kushika mguu mbele yake. Siku yake ya kuzaliwa, Juni 3, ndiyo inayoadhimishwa duniani kwa ajili ya miguu kifundo.

Mtoto wa rafiki yangu alifungwa hogo sita, akakatwa kano ya kisigino, akakaa wiki tatu. Nilikwenda kuwasalimu alipokuwa na miezi kumi na moja. Shemeji alikuwa jikoni. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa akimwandaa kulala: soksi kwanza, zisiwe na mkunjo, kisigino kikasukumwa chini mpaka kikaonekana kwenye tundu, kamba ya katikati ikafungwa kabla ya nyingine. Alifanya bila kutazama, akinieleza habari za shamba. Mtoto akiwa ameshafungwa, alipiga ufito kwenye ubavu wa kitanda, ngo, ngo, ngo, na baba yake akasema ndivyo anavyofanya kila usiku, majirani wameshazoea.

Aliniambia pia kwamba kila Jumamosi viatu vile anavipaka mafuta ya ngozi yeye mwenyewe. Alikuwa hajawahi kuwa na viatu vya kupaka. Alivitoa vya zamani, vilivyombana mtoto, kutoka kwenye mfuko uliokuwa juu ya kabati, akaniwekea kiganjani. Soli zilikuwa hazijachakaa, maana ni viatu vya kulalia. Kilichochakaa ni ngozi ya ndani, pale kisigino kilipokuwa kikikaa.